Mzee kaniachia nywila yake kwenye kikaratasi. Nimsaidie au niache?

DadaMasijala:

Habari za jioni wadau. Mnivumilie, maelezo ni marefu na swali lenyewe liko mwishoni.

Mimi ni mtunza kumbukumbu katika halmashauri moja huku Nyanda za Juu Kusini, mwaka wa kumi na nne sasa. Nilisomea Tabora, nikapangiwa masijala ya wazi, yaani ofisi ya kutunza majalada yasiyo ya siri, na sijahama hata meza. Tuko watano. Tangu Februari nakaimu ukuu wa masijala. Barua ya kukaimu ninayo, posho ya kukaimu msiniulize.

Jumatano iliyopita, saa za kufunga ofisi, mzee wetu wa dispachi alisubiri wenzake watoke, akaja mezani kwangu na kuweka kikaratasi chini ya mhuri. Kimekatwa kwenye bahasha ya kaki. Juu kaandika cheki namba yake, ile namba ya mtumishi ya mshahara, chini nywila, kwa mwandiko ule ule wa kitabu cha dispachi, herufi zimesimama wima kama askari kwenye gwaride. Akasema, "Mama, nimalizie hiyo PEPMIS. Macho yangu hayaoni." Akachukua kofia, akaenda zake.

Mzee ana miaka 58. Macho yake yanaona folio, karatasi moja tu, iliyochomolewa kwenye jalada la mwaka 2009. Asichokiona ni mfumo huo wa kompyuta wa kupima utendaji wa watumishi. Tangu tuachane na OPRAS, zile fomu za karatasi za kupimana kazi, kila mtumishi anatakiwa aingie mwenyewe, akubali majukumu aliyopangiwa, ayavunje kuwa kazi ndogondogo, aingize alichotekeleza, ndipo msimamizi ampime. Kikaoni tumeambiwa wazi kwamba kupanda daraja kutategemea humo. Yeye mpaka leo hana hata mstari mmoja. Na msimamizi wake sasa ni mimi.

Mngeniambia "msaidie tu, ni mzee wako." Ndiyo, lakini sikilizeni.

Mnaikumbuka Aprili 2017. Tarehe 28, Dodoma, Rais Magufuli alikabidhiwa orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Masijala yetu wakati huo ilikuwa na watu sita, na mmoja wetu alikuwemo. Mama mmoja mcheshi, ndiye aliyekuwa akipika chai ya saa nne, na ndiye aliyetuanzishia mchezo wa kupeana fedha kwa zamu. Tulikuwa tunatoa 50,000 kila mmoja kila mwezi tangu Januari. Yeye zamu yake ilikuwa Machi, akapokea. Mwezi wa nne mshahara wake ukakatwa pamoja na wa wenzake wa kwenye orodha. Zamu yangu ilikuwa Mei, nikapokea pungufu. Julai aliniletea gunia la viazi nyumbani, akaliacha mlangoni, hakutaka hata maji ya kunywa. Sikuwa nimemdai.

Sasa, kabla ya Krismasi ya 2016 kuna mtu alimwona mzee wa dispachi akipanda ngazi kwenda ofisi ya utumishi, kakumbatia rundo la majalada binafsi, na la juu kabisa lilikuwa la mama. Orodha ilipofika, hukumu ikawa imeshapita: mzee ndiye aliyemchoma mwenzake. Hakuna aliyemuuliza. Kuanzia mwezi wa tano kila mtu akawa anakuja na chupa yake ya chai kutoka nyumbani. Mchezo ulikufa. Mama aliondoka, lakini kilichoharibika kilibaki na sisi.

Mpeni picha mtu ambaye hajawahi kukaa masijala. Zamani jalada likipotea tulikuwa tunalitafuta sote, hata kama saa moja usiku imetukuta, mmoja kapanda kiti, mwingine yuko chini ya rafu na tochi ya simu. Siku hizi jalada likipotea swali la kwanza ni "nani alisaini mwisho?" Ukishajua si wewe, unabeba mkoba unaondoka. Ulipokuja Mfumo wa Ofisi Mtandao, wawili walipelekwa mafunzo. Walirudi na vyeti na mabegi, hawakumfundisha mtu. Mmoja aliniambia bila aibu, "Nikiwafundisha nyote, mimi nabaki na nini?"

Na kijana wetu wa ajira mpya, ambaye hata hakuwepo 2017, kaikuta hali hiyo akaivaa kama sare. Nilipomwomba amwelekeze mzee, alinijibu kwamba kila mtu abebe msalaba wake.

Kwa hiyo maswali yangu ni haya. Kikaratasi nikifanyie nini? Na la pili, ambalo ndilo linaninyima usingizi: mabadiliko haya yote tunayoletewa, yanatekelezwaje na watu ambao hawawezi kuachiana hata chupa ya chai? Nimejikuta siku hizi nafika saa moja na nusu kamili na kutoka saa tisa na nusu kamili, na mimi sikuwa hivyo.

---

Fundi_Mitandao:

Dada, la kwanza ni jepesi. Usiingie kwa nywila ya mtu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haina kifungu cha "nilimwonea huruma mzee". Siku mkigombana, au siku akikaguliwa, inaonekana kazi za mtu wa dispachi zimeingizwa kutoka kompyuta ya kaimu mkuu wake, ambaye ndiye huyo huyo anayempa alama. Umejipangia kazi, umejijibia, umejisahihishia. Mwambie abadilishe nywila leo. Kikaratasi kichome.

La pili nawaachia wenye elimu ya watu, mimi najua waya.

---

Mkaguzi wa Ndani:

Nitasema kisichopendwa. Mnalilia kuaminiana, lakini kuaminiana ndiko kulikotuzalia watumishi hewa. Mtu kafariki, wenzake wanajua, mhasibu anajua, mkuu wa shule anajua, na mshahara unatoka kila mwezi kwa sababu "sisi ni familia". Machi 2016 wakuu wa mikoa walipewa siku 15 kuwatafuta. Mmoja wao alisema mkoani kwake hakuna hata mmoja, kumbe wapo, akatenguliwa Aprili. Nani alimdanganya? Watu walioaminiana.

Mimi nikikuta ofisi ambayo kila mmoja anauliza "nani alisaini mwisho", huwa nafurahi. Hiyo inaitwa udhibiti. Chai mkanywe nyumbani.

---

Mstaafu Utumishi:

Marahaba mwanangu, najua ungeniamkia.

Nilikuwa afisa utumishi katika halmashauri tatu tofauti na nikastaafu 2019, kwa hiyo zoezi la vyeti nililifanya kwa mikono yangu. Niseme jambo moja ambalo lingetakiwa lisemwe kwenu mwaka ule, na halikusemwa.

Vyeti vilihakikiwa na Baraza la Mitihani. Sisi kazi yetu ilikuwa kukusanya nakala kutoka kwenye majalada binafsi, ya watumishi wote, na kuzipeleka. Baraza lilikuwa linaangalia namba ya mtihani, mwaka, shule na jina: je, mwenye namba hii ndiye huyu? Hapakuwa na haja ya mchongezi. Namba ya mtihani haina rafiki wala adui. Kwangu pia majalada yalipanda ngazi kwa mafungu, na nani aliyeyabeba? Mtu wa dispachi. Angeyabeba nani mwingine, mkurugenzi? Jalada la juu ni la juu kwa sababu lazima moja liwe juu.

Mzee wako, kwa jinsi ulivyoeleza, amefungwa kifungo cha miaka yote hii kwa kosa la kubeba majalada.

Lawama nyingine ni yetu sisi wa utumishi. Tuliambiwa zoezi ni nyeti, tukafunga midomo. Kumbe uhakiki ungeweza kubaki siri, ila namna unavyofanyika haikuwa siri ya kuficha. Watu wakikosa maelezo wanajitengenezea yao, na maelezo ya kujitengenezea siku zote yana mtu ndani, hayana utaratibu. Hakuna anayeuchukia mfumo. Anachukiwa aliyeonekana kwenye ngazi.

Kuhusu swali lako la pili. Nilipokuwa Mzumbe tulisoma kazi ya Meyer na Allen ya mwaka 1991, na katika yote niliyosoma kule hiyo ndiyo iliyonifaa kazini. Wanasema mtu anaweza kushikamana na kazi kwa njia tatu. Anabaki kwa kuwa anaipenda, au anabaki kwa kuwa akiondoka atapoteza, pensheni, daraja, nyumba ya serikali, au anabaki kwa kuwa anajiona ana deni kwa waliomlea kazini. Katika utumishi wetu hiyo ya pili haiishi kamwe. Mtu wa miaka 53 haendi popote, anasubiri 55 aombe kwa hiari au 60 imkute. Kwa hiyo ukihesabu waliobaki ofisini unaweza kudhani kila kitu kiko salama. Unachopoteza ni ile ya kwanza na ya tatu, na hizo mbili hazitoki Dodoma, zinatoka meza ya jirani. Hiyo saa tisa na nusu kamili yako ndiyo dalili. Hujaacha kazi, umebaki na sababu moja tu ya kubaki.

Nimepitia mageuzi mengi. Miaka ya tisini tulipunguza watu. Mwaka 2000 ukaja mpango wa kuboresha utumishi wa umma, 2002 sheria mpya, 2004 OPRAS. OPRAS nia yake ilikuwa nzuri mno, vijana hamjui. Sisi tulianza kazi enzi za taarifa za siri: bosi anakuandikia usilolijua, unanyimwa daraja hujui kwa nini. OPRAS ikasema kaeni mezani wawili, mkubaliane malengo, mpimane waziwazi. Ikafia wapi? Kwenye ofisi ambazo watu hawakuthubutu kuambiana ukweli usoni. Kila Juni fomu zinajazwa siku moja, wote wamefanya vizuri sana, wino wa kalamu moja. Karatasi ilibadilika, watu walikuwa wale wale wa taarifa za siri.

Nikupe mifano miwili ya mahali pamoja. 2017 watumishi wa barabara wa halmashauri walihamia TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, 2019 wa maji wakahamia RUWASA, wakala wa maji vijijini. Katika halmashauri niliyomalizia, barua za wa barabara zilitoka mojamoja. Aliyepata aliificha kwenye droo, asiyepata akadhani ameachwa makusudi, na kwa miezi miwili hakuna aliyejaza hata shimo la mbele ya ofisi yetu. Za maji zilipokuja, mhandisi aliyekuwepo aliwaita wote, kuanzia mafundi bomba mpaka dereva, wakakaa nje kwenye mabomba ya akiba. Akawasomea barua yake kwanza, na mshahara wake humo humo. Kisha akasema ambayo hayajui: "Suala la nyumba sijui. Suala la madaraja sijui, nikijua Jumatatu mtajua Jumatatu." Walilalamika sana, msidhani walishangilia. Lakini wiki hiyo pampu ya kijiji kimoja iliharibika na walikwenda wanne, wakati barua inamtaka mmoja.

Mkaguzi, nimekusoma. Unachokieleza wewe tulikuwa tunakiita kulindana, na kulindana kunahitaji giza. Wale walioficha marehemu hawakuaminiana, kila mmoja alikuwa amemshika mwenzake pabaya. Jaribu kumwambia mmoja wao "leo nitamwambia mkurugenzi" uone huo undugu utakavyokimbia. Kuaminiana ninakokusema mimi ni kwamba ukikuta jalada langu lina kasoro, unaniambia mimi kabla hujaandika dokezo sabili, ile taarifa fupi ya ndani kwa bosi. Na ukishaniambia, dokezo unaandika vilevile.

Kikaratasi: Fundi amesema sawa. Ila usimrudishie kwa mkono tu, mwanangu. Mtu wa umri wake hampi mtu nywila kwa sababu ya macho. Amekupa kitu ambacho angeweza kumpa kijana wa steshenari pale nje kwa elfu mbili. Jiulize kwa nini amekuletea wewe.

---

Mwanakaunti:

Salamu kutoka Pwani ya Kenya. Yenu naona ni kama yetu, imebadilisha kanzu tu.

2013 ugatuzi ulipoanza, halmashauri 175 za zamani zilivunjwa, zikaja kaunti 47. Ofisini kwetu, upande wa mapato, mlikuwa na makabila matatu na wala si ya damu. Kulikuwa na sisi wa kanjo, yaani wa zile halmashauri za zamani, tuliorithiwa, kulikuwa na walioletwa kutoka wizarani, halafu wakaja walioajiriwa na kaunti yenyewe. Meza moja, kazi moja, mishahara mitatu. Kila mmoja akiamini mwenzake ndiye atakayepigwa shoka ukaguzi wa wafanyakazi ukifika, ama ndiye atakayemwekea yeye shoka.

Nilikuwa najua kila kibanda sokoni, nani amelipa leseni, nani amehama usiku. Huyo dada wa wizarani alikuwa anajua kompyuta kama wali na samaki. Mwaka mzima hatukuambiana kitu. Mimi nilificha vibanda vyangu kichwani, yeye akaficha mfumo wake. Mapato yakashuka tukawa tunalaumu wafanyabiashara.

Tulichangamana kwa msiba. Alifiwa na mamake, na wa kwanza kufika matangani ni sisi wa kanjo, maana tulikuwa na lori. Sina mafundisho zaidi ya hayo, dada. Semina zililetwa nne, zenye chakula kizuri.

---

Mkaguzi wa Ndani:

Mstaafu, "kulindana kunahitaji giza" nimeichukua, nitaiandika kwenye ripoti nikitaka kumkera mtu. Bado nasema kitabu cha kusaini kisiondolewe.

---

Mstaafu Utumishi:

Nani kasema kiondolewe? Mtunza kumbukumbu asiye na kitabu ni mpita njia.

---

DadaMasijala:

Samahani kwa kimya, nilikuwa nahangaika.

Shikamoo Mzee Mstaafu. Nilisoma jibu lako nikiwa kwenye daladala nikapitiliza kituo. Ile habari ya Baraza la Mitihani, wallahi hakuna aliyewahi kutueleza. Mimi ninatunza majalada hayo! Nilikuwa nayo mikononi na sikuwahi kufikiri kwamba namba ndiyo iliyokaguliwa.

Jumatatu nilimwambia mzee abaki. Nikavuta kiti kingine, nikamweka mbele ya kompyuta yangu, nikamwambia aandike mwenyewe. Ilimchukua karibu robo saa kuingia tu. Anabonyeza kwa kidole kimoja, anakitazama kitufe, anakitazama kioo, anarudi kwenye kitufe kuhakikisha hakijahama. Nikamwonyesha mahali pa kubadilisha nywila, nikageuka ukutani. Kikaratasi alikichana vipande vinne na kuvitia mfukoni, si kwenye kapu la taka. Mtu wa siri ni mtu wa siri.

Kisha nikamuuliza. Sikujipanga, lilitoka tu. "Mzee, yale majalada ya 2016."

Hakushtuka. Akasema, "Nilijua mnanidhania." Nikamuuliza mbona hukusema. Akasema, "Ningesema nini, nani aliniuliza? Nilibeba ya idara nzima. La kwangu lilikuwa humo, la tatu kutoka chini. Hata mimi usiku ule sikulala." Akanyamaza, halafu akaniambia jambo ambalo bado linanichoma: kwamba mama alipofutwa alikwenda kwake mara mbili kumpelekea mahindi, na 2022 serikali iliporuhusu wale wa vyeti warudishiwe michango yao ya mfuko wa pensheni, yeye ndiye aliyemwandikia barua kwa mkono na kumtafutia kumbukumbu za michango. Mama anajua wazi nani hakumchoma. Ni sisi ambao hatukujua.

Wenzangu wawili wa zamani nimewaambia. Mmoja alilia, mwingine alisema "ndivyo anavyosema yeye." Basi, iko hivyo. Hakuna aliyeanza kuchekacheka ofisini. Chupa za chai bado ni tano.

Ila jana nilitoka kupeleka barua kwa mkurugenzi, kurudi nikamkuta yule kijana wa msalaba amesimama nyuma ya kiti cha mzee, mikono mfukoni, anasema, "Siyo hapo babu, shuka chini. Chini. Hapo hapo." Sikumuuliza kitu, nikapita kwenda rafuni kama natafuta jalada.

Mkaguzi, kitabu cha kusaini kipo na kitakuwepo, usiwe na shaka. Nimeongeza safu moja tu, ya "aliyesaidia kulitafuta".

Ninaomba msaada wa mwisho, hasa Fundi: mzee ana kazi kumi na moja hazijaingia, na kwa kidole kimoja anaingiza mbili kwa siku. Tumepewa mpaka Ijumaa. Kuna namna ya kuandaa maelezo pembeni kisha ayahamishe mwenyewe, au tupige hivyo hivyo mpaka jioni?